Binti Akiitwa Kazi ya Spa



Ninawaandikia kutoka Matisi, pembezoni mwa mji wa Kitale, ambako nimesomesha watoto Qur'ani kwa muda wa miaka 18 sasa. Tangu Mfungo Mosi uliopita, wazazi watatu mbalimbali wameniuliza suala ambalo nilipokuwa Mombasa sikuwahi kuulizwa hata siku moja: "Maalim, kazi ya spa yafaa kwa binti wa Kiislamu?"

Suala hili halijibiwi kwa neno moja, kwa sababu neno spa lenyewe limebeba mizigo isiyofanana. Asili yake ni jina la mji mdogo wa Ubelgiji uitwao Spa, wenye chemchemi za maji ya madini, ambao watu wa Ulaya wameuendea kwa karne nyingi kunywa na kuoga kwa kutaraji shifaa. Waingereza nao wana mji wao uitwao Bath, ambako Warumi walijenga hamamu juu ya chemchemi ya moto takriban miaka 2,000 iliyopita. Na huko Budapest, mji mkuu wa Hungaria, hadi leo watu huoga katika hamamu ya Rudas, iliyojengwa katika karne ya 16 na gavana wa dola ya Uthmaniya, Sokollu Mustafa Pasha. Hizo zote ni nyumba za maji. Mtu alikwenda kwa ajili ya maji, na mikono ya mkandaji ilikuja baadaye.

Siku hizi mambo yamegeuka. Spa nyingi hazina chemchemi wala kisima. Zina kitanda, taulo, mafuta ya nazi na mikono ya msichana. Ziko za hoteli kubwa za ufuoni, ambazo mgeni hulipia pamoja na chumba chake. Ziko za mjini, ambazo mtu huingia saa moja akatoka akaenda zake kazini. Ziko za wanawake peke yao, ndani ya saluni. Na ziko zile za vichochoroni, zenye pazia zito na taa hafifu, ambazo kila mwenye akili anajua kinachouzwa humo si kukandwa. Hata vinyozi wetu wa Kitale wameingiwa na mambo haya: ukimaliza kunyolewa, huja msichana na kitambaa cha moto akataka kukukanda shingo na mabega. Mimi humwambia kijana aliyeninyoa amalize kazi yake mwenyewe, nami humwongezea shilingi kidogo kwa usumbufu. Wameshanizoea.

Basi niwaeleze kisa cha mmoja wa wazazi hao watatu, kwa idhini yake. Ni jirani yangu, fundi wa baiskeli, mtu wa swala na mwenye maneno machache. Binti yake wa kwanza amehitimu ususi na urembo katika chuo cha ufundi, na nyuma yake wapo wadogo wanne wanaosoma. Binti alikuwa na barua mbili mkononi. Moja ilitoka hoteli ya watalii kusini mwa pwani yetu, iliyotaka wakandaji. Ya pili ilitoka kwa wakala aliyemwahidi kazi ya spa katika nchi ya Ghuba, kwa mshahara mara tatu ya ule wa hoteli. Baba alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na alikuwa tayari kumuuza ili alipe gharama za wakala. Alinijia baada ya Magharibi akasema, "Maalim, ukisema haifai, nitamzuia. Ukisema yafaa, kesho naenda sokoni na ng'ombe." Nikamwomba siku chache.

Wala sikuanza kufikiri nikiwa mtupu. Miaka michache nyuma tulisafiri, mimi na walimu wenzangu, kutoka Kitale kupitia Eldoret, Iten na Kabarnet, tukashuka hadi Marigat, tukaenda kuitazama Bogoria. Ni ziwa la magadi, na kando yake maji hufoka kutoka ardhini yakichemka. Mvua ikinyesha juu ya milima, maji huzama chini sana kupitia nyufa za Bonde la Ufa, hukutana na mwamba wenye moto, kisha hurudi juu kwa nguvu pamoja na mvuke. Wageni huchemsha mayai humo, nayo huiva. Si maji ya kuoga. Yangemchubua mtu ngozi. Lakini karibu na hapo ipo hoteli yenye bwawa la maji ya chemchemi, yenye uvuguvugu ambao mwili huupenda, na mwenzetu mmoja mwenye maumivu ya magoti alikaa humo, na suruali yake ndefu, mpaka tukaona aibu kumngoja. Alitoka akisema magoti yamelegea. Sikumbishia, ingawa yalikaza tena tulipofika Iten kwenye baridi.

Chemchemi ya namna hiyo tunayo hata karibu zaidi. Juu kabisa ya Mlima Elgon, ndani ya kreta, penye chanzo cha mto Suam, yapo maji ya moto ya nyuzi 48 hivi. Mto huo huo hushuka ukawa mpaka wetu na Uganda, kisha ukabadilika jina kuwa Turkwel. Kuyafikia ni safari ya kupanda mlima kwa siku kadhaa, na ndiyo maana hayajazungushiwa ukuta na kukatiwa tikiti. Olkaria, karibu na Naivasha, kampuni ya umeme ya KenGen imefanya jambo la werevu: maji yatokayo kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme yamejengewa bwawa la buluu, nayo watu hulipa kuingia. Maji ambayo kazi yake imekwisha yanaleta pato la pili. Ila ni bwawa moja kwa wanaume na wanawake, na kwa familia ya Kiislamu hilo ni tatizo lisilofichika.

Katika safari ile ya Bogoria nilijifunza jambo jingine ambalo mabango ya utalii hayaliandiki. Ardhi ile ilikuwa makazi ya Waendorois. Walilisha mifugo yao pale, wakailambisha chumvi ya magadi, na walifanya ibada na tiba zao kando ya ziwa. Katika miaka ya 1970 walihamishwa ili pawe hifadhi ya wanyama. Walishitaki, na mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikatangaza uamuzi kwamba walidhulumiwa na kwamba wana haki ya ardhi yao. Utekelezaji umekwenda kwa mwendo wa kinyonga. Na ziwa lenyewe, katika miaka hii ya karibuni, limejaa likafunika barabara na baadhi ya chemchemi. Nikajisemea kwamba mtu akilipa tikiti ya maji ya moto ni vyema aulize pia wenyewe walikwenda wapi.

Mtaniambia: Maalim, umekwenda mbali, kwani sisi watu wa pwani hatukuwa na mambo haya? Tulikuwa nayo, na tulikuwa nayo kwa adabu. Bibi yangu mzaa mama, pale Kibokoni, alikuwa mtu wa kusinga maharusi. Nilikuwa mtoto mdogo, nami nilitumwa kuchuma asumini na mrehani, kisha nikafukuzwa. Kilichobaki nilikijua kwa harufu na kwa sauti: msio, lile jiwe la kusagia liwa, ukisuguliwa na maji ya waridi tangu asubuhi. Liwa, karafuu, dalia, maua, vyote vikawa singo, na bibi harusi akasingwa siku kadhaa, ngozi ikalainika na kunukia. Aliyemsinga alikuwa somo wake, mwanamke mtu mzima, na katika kumsinga alimfundisha mambo ya ndoa ambayo mama mzazi huona haya kuyasema. Mlango ulifungwa. Hapakuwa na mwanamume aliyekaribia, hata mtoto kama mimi. Somo alitunzwa fedha na kanga, na heshima yake mtaani ilidumu maisha yake yote.

Singo hiyo hiyo leo inauzwa Unguja na Mombasa kwa wageni, ikiwa imetajwa kwenye orodha ya bei kati ya masaji ya Kiswidi na mawe ya moto. Sioni ubaya ikiuzwa. Ninachosikitikia ni kwamba kina bibi walioijua wengi wamekufa wakiwa hawajawahi kuulizwa na yeyote kiasi cha karafuu kinachotosha bila kuunguza ngozi, na wanaoiuza wakati mwingine wanachanganya kwa kubahatisha.

Hamamu za mawe nazo tulikuwa nazo. Kule Kilwa Kisiwani, katika kasri la Husuni Kubwa, bado linaonekana bwawa la kuogea la pembe nane la karne ya 14. Unguja, Sayyid Said alijenga hamamu ya Kidichi mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, naye mwanawe Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, akawajengea watu wa mjini ile ya Hamamni, iliyofanya kazi hadi 1920. Barghash huyo huyo ndiye aliyevuta maji ya chemchemi kwa mifereji hadi mjini. Napenda kulitaja hilo, kwa sababu hapa Matisi wapo kina mama wanaonunua maji kwa mtungi wa lita 20 na kuyabeba mgongoni kupanda kilima, na mtawala anayeanza na bomba la watu kabla ya starehe ya wageni ni mtawala wa kukumbukwa. Sauna yao kina mama hawa ni nyungu: sufuria ya majani ya mkaratusi au mwarubaini, blanketi juu ya kichwa, na jasho. Mwaka 2020 Rais Magufuli wa Tanzania aliwahimiza watu wake wajifukize hivyo. Nyungu hufungua pua na kifua cha mafua. Daktari haiwezi kumweka kando.

Wanavyuoni wetu hawakuikimbia hamamu, waliiwekea masharti. Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika juu yake katika Ihya. Amesema mwenye kuingia ailinde tupu yake isionwe wala isiguswe, hata na mkono wa mkandaji, asimwage maji ya moto kwa israfu kwa kuwa yana gharama, na amlipe mwenye hamamu kabla ya kuingia, maana kiasi cha maji atakachotumia hakijulikani. Tazameni jinsi alivyomfikiria mfanyakazi pamoja na mteja. Naye Ibn Battuta, ambaye alifika Mombasa mwaka 1331 akaona visima milangoni mwa misikiti na watu wakiosha miguu kabla ya kuingia, miaka mitano kabla yake alikuwa Minya, nchini Misri, akakuta wanaume wakioga hamamuni bila vazi. Hakunyamaza. Alimwendea gavana, na gavana akawaita waliokodi hamamu zote akawaandikisha kwamba hataingia mtu bila shuka. Baghdad alifurahi zaidi, kwani huko kila mtu alipewa futa tatu: ya kuingilia, ya kutokea, na ya kujifutia.

Kwa hiyo nilipomwita jirani yangu na binti yake, sikuwauliza juu ya jina lililoandikwa mlangoni. Niliuliza nani anamkanda nani, mlango unafungwa nani akiwa ndani, mteja amejisitiri vipi, na mshahara unalipwa na nani. Mwanamke kumhudumia mwanamke mwenzake, pakiwa na stara kati ya kitovu na magoti, ni kazi ya bibi yangu, nami nimelelewa kwa fedha zake. Mwanamke kufungiwa chumba kimoja na mwanamume asiye maharimu wake, ampake mafuta, hilo halikubaliki hata ukuta ukipambwa kwa marumaru. Matibabu ni mlango mwingine: mgonjwa wa kiharusi anayenyooshwa viungo hospitalini yuko katika dharura, na dharura ina hukumu yake na mipaka yake.

Binti, ambaye ni msikivu lakini si bubu, akasema, "Maalim, hayo nilishawauliza hoteli." Alikuwa amewapigia simu kuomba ahudumie wageni wanawake tu. Akajibiwa kwa upole kwamba mfanyakazi hachagui mgeni. Basi barua ya kwanza tukaiweka kando, na nilimpongeza kwa kuuliza kabla ya kupanda basi.

Ya pili ndiyo iliyokuwa na utamu. Huko Ghuba nyumba nyingi za namna hii ni za wanawake peke yao, kwa hivyo sharti langu kubwa lilikuwa limetimia, na baba uso wake ulikuwa umeanza kukunjuka. Nikaomba kuuona mkataba. Wakala alikuwa amempa karatasi mbili: moja ya Kiingereza isiyo na muhuri wala sahihi, iliyosema spa, na moja ya Kiarabu yenye muhuri, ambayo alimwambia ni tafsiri ya ile ya kwanza. Madrasa haikunifundisha mengi ya dunia, lakini Kiarabu ilinifundisha. Niliusoma mara moja, nikavua miwani nikaifuta, nikausoma tena. Hapakuwa na spa popote. Kazi iliyoandikwa ilikuwa aamila manziliyya, yaani mtumishi wa nyumbani, kwa miaka miwili, na mshahara ulikuwa chini ya nusu ya ule alioahidiwa. Nilimsomea binti sentensi moja moja na kuzifasiri. Alikuwa ametulia. Baba yake ndiye aliyeinuka akatoka nje akasimama kwenye giza.

Utumishi wa nyumbani si aibu. Wapo mabinti wa Matisi wanaoufanya Ghuba na kusomesha ndugu zao, Allah awajaze kheri. Lakini anayekwenda aende akijua anakwenda kufanya nini, maana aliyedanganywa kazi yake atadanganywa pia saa zake na pasi yake ya kusafiria. Wazazi mnaosoma ukurasa huu, wakala wa kazi za nje ni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na majina ya wenye leseni hutangazwa. Ulizeni kabla ya kutoa shilingi. Na karatasi yoyote ya Kiarabu ipelekeni kwa maalim au ustadhi yeyote wa karibu aisome. Ni kazi ya robo saa, na sidhani yupo atakayewatoza kitu.

Ng'ombe hakuuzwa. Binti alikaa nyumbani miezi minne akisuka nywele za majirani, miezi iliyokuwa mirefu kwake na kwa mama yake, hata siku moja nikasikia sauti zikipanda kwa jirani na jina langu likitajwa. Sikuvuka ua. Baadaye shangazi yake aliyeolewa Mombasa alimpatia nafasi katika nyumba ya wanawake watupu huko Nyali: saluni mbele, spa nyuma, hina na kusinga maharusi siku za mwisho wa juma. Mshahara ni mdogo kuliko wa hoteli. Wadogo zake wawili wamelipiwa karo ya muhula huu, na wawili wanadaiwa.

Alipokuja likizo alileta kikopo cha singo wanayoitumia, mke wangu ainuse. Mke wangu, ambaye ni mtu wa Mombasa na amesinga maharusi wa ukoo wetu, alinusa, akapaka kidogo mkononi, akasema imejaa manukato ya chupa na karafuu imezidi. Wakakaa uani mpaka Alasiri. Tangu hapo, kila Jumamosi baada ya darasa la kina mama, anawafundisha wasichana saba wa hapa Matisi kusaga na kuchanganya. Taabu iko kwenye vifaa. Asumini haistahimili baridi yetu vizuri. Waridi yako mashamba makubwa huku, lakini yamenyunyiziwa dawa za wadudu, naye amekataa katakata yasiguse ngozi ya mtu. Anapanda yake mwenyewe nyuma ya jiko. Liwa tunaagiza. Msio tunao mmoja tu, nao umekwisha kuliwa katikati ukawa kama bakuli.

Ikiwa katika nyumba zenu, Kibokoni, Lamu, Malindi au Vanga, upo msio wa bibi uliowekwa ukizuia mlango usipigwe na upepo, nasi mtatusaidia nao, uacheni afisi ya jarida hili ukiwa umefungwa kwa gunia. Mabasi ya usiku ya Kitale yanachukua mizigo, na gharama ya kuufikisha Matisi nitailipa mimi.